Mwongozo Mkononi, Busara Kichwani: Miaka Themanini ya Ustawi wa Jamii Kitale na Bungoma

Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilimpeleka Elijah Masinde katika Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi. Huyu ndiye mwasisi wa Dini ya Msambwa, mtu wa Kimilili aliyewahimiza Wabukusu wenzake wakatae kazi za shuruti na amri za kilimo zilizoletwa na machifu kwa niaba ya Mzungu. Wakubwa wangeweza kumfunga jela kama walivyowafunga wengine. Waliona heri atangazwe mwendawazimu. Alitoka 1947, na tarehe 10 Februari 1948 polisi wakawafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi. Watu 11 wakafa, na dini yenyewe ikapigwa marufuku.

Kisa hiki husimuliwa kama sura ya kupigania uhuru, na ni haki yake. Ila kina upande wa pili, unaowahusu maafisa wa watoto, maafisa wa probesheni, washauri nasaha na wote wanaolipwa kuamua mambo ya watu walio wanyonge kuliko wao. Masinde alifungiwa Mathari kwa maoni ya wataalamu. Hapakuwa na kipimo ambacho jamaa zake wangeweza kukishika na kuuliza, "Wapi panaposema hivyo?" Saini ilitosha. Tangu siku hizo, huduma za ustawi wa jamii kati ya Kitale na Bungoma zimekuwa zikitafuta namna ya kuizuia saini isidhulumu, bila kumgeuza mwenye kalamu kuwa mjazaji fomu. Ni miaka themanini sasa, na kazi haijaisha.

Kabla ya saini palikuwa na ukoo. Tusiupambe kupita kiasi. Yatima aliyechukuliwa na baba yake mkubwa angeweza kulelewa vizuri au kufanywa mchunga ng'ombe wa bure, na mjane alirithiwa apende asipende. Hata hivyo utaratibu ulikuwapo, tena mkali. Chukua kumuse ya Wabukusu, kikao cha maombolezo baada ya mzee wa heshima kuzikwa. Si kila mtu anaruhusiwa kuiendesha. Msemaji hutoka katika koo maalumu. Hutembea huku na huko mbele ya wafiwa akieleza asili ya ukoo, akikemea waliokosa, akiwapatanisha wanaogombania mali. Mpangilio ni ule ule kila mahali, lakini maneno hayafanani boma hadi boma. Mzee Manguliechi, aliyejulikana kote Bungoma kwa kazi hiyo, alisifiwa kwa jambo hilo hasa: kujua nani aguswe na nani aachwe, na lini. Wanaodhani kuwa ugomvi kati ya utaratibu na busara umeletwa na wafadhili wangekaa kwanza kwenye kumuse moja.

Lakini kumuse ilikuwa ya wazee. Mama kijana aliyekufa kwa Ukimwi miaka ya 1990 hakuandaliwa heshima hiyo, na mara nyingi watoto wake hawakuelezwa hata kilichomuua. Hapo ndipo mila ilipofika ukingoni.

Kitale ni habari nyingine. Reli ilifika huko 1926, katikati ya mashamba ya walowezi, na watu walioyalima walitoka pande zote: Wabukusu, Wasabaot, Wapokot, Waturkana, Wanandi, Wakikuyu, baadaye Wakisii na wengineo. Baada ya uhuru mashamba yaligawanywa, mengine yakanunuliwa na vyama vya ushirika na makampuni ya watu, mengine yakabaki mikononi mwa shirika la serikali la ADC. Mtoto akifiwa na wazazi katika kambi ya vibarua karibu na Endebess, baba mkubwa yuko Lodwar au Kisii, na pengine hata hajui kuwa mtoto huyo amezaliwa. Bungoma palikuwa na ukoo wa kulaumiwa. Kitale ilibidi mgeni aamue juu ya mgeni.

Wageni wa kwanza kulipwa kwa kazi hiyo walikuwa maafisa wa probesheni. Sheria yao ilitungwa 1943, huduma ikaanza 1946. Afisa alimtembelea mshtakiwa nyumbani, akazungumza na chifu, jirani na mwalimu, kisha akamwandikia hakimu maoni yake. Shule ya Jeanes, Kabete, ikafundisha wafanyakazi wa maendeleo ya jamii baada ya Vita Kuu ya Pili, na mapema miaka ya 1960 chuo cha ustawi wa jamii kikafunguliwa Machakos kwa msaada wa Israel. Waliohitimu hapo walipelekwa wilayani wakiwa na mafunzo mazuri na sheria fupi. Sheria ya Watoto na Vijana, Sura ya 141, ilimpa afisa na hakimu nafasi pana mno. Kijana aliyekutwa sokoni bila mlezi angeweza kurudishwa nyumbani, kuwekwa chini ya uangalizi, au kupelekwa shule ya marekebisho kama ile ya Kakamega akakae miaka. Yote yalitegemea aliyekuwa zamu.

Ukipata afisa mwema, nafasi hiyo ilikuwa baraka. Ukipata mvivu, au mtu aliyechoka, ilikuwa msiba. Mapigano ya kikabila ya 1991 hadi 1993 yalipowatimua watu Trans Nzoia na kandokando ya Mlima Elgon, watoto wa mitaani waliongezeka Kitale, na waliokutana nao kwanza hawakuwa maafisa wa ustawi bali polisi. Mwaka 1997 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti nzima juu ya watoto wa mitaani wa Kenya waliokamatwa, kupigwa na kutiwa rumande pamoja na watu wazima. Mwaka huo huo Bunge lilifuta Sheria ya Uzururaji, silaha iliyokuwa ikitumika kuwazoa. Hayo ndiyo matunda ya uamuzi usiokuwa na kipimo. Siwezi kuwasikiliza kwa utulivu wanaotamani kurudi enzi ambazo "afisa aliaminiwa". Aliaminiwa na nani? Chokoraa wa Kitale hakuulizwa.

Ndipo mambo yakageuka. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na Sheria ya Watoto ya 2001 ikafuata. Mashirika yaliyofungua vituo vya watoto Kitale na Bungoma yakaanza kudaiwa mafaili, mipango ya kila mtoto, na tarehe za mapitio. Jirani tu hapo, Busia, kulikuwa na mapinduzi ya aina nyingine. Mwaka 1998 shirika la ICS, likishirikiana na wachumi wa Marekani, lilianza kuwapa wanafunzi dawa za minyoo katika shule 75, huku shule zikipangwa kwa makundi ili matokeo yalinganishwe. Mmoja wa wachumi hao, Michael Kremer, alikuwa amewahi kufundisha sekondari upande wa Kakamega. Mwaka 2019 alikuwa miongoni mwa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Tangu jaribio lile, swali la kila mfadhili aliyefika magharibi mwa Kenya likawa moja: mpango wenu umepimwa?

Swali ni zuri. Tena lina ukoo mrefu ng'ambo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Meehl wa Marekani alilinganisha utabiri wa wataalamu na utabiri wa hesabu nyepesi za takwimu, akaonyesha kwamba hesabu karibu kila mara ililingana na mtaalamu au ilimshinda. Wataalamu hawakufurahi, na baadhi yao hawajafurahi mpaka leo.

Serikali nayo ilijifunza kupima. Mwaka 2004 ilianza kwa majaribio kuwapa fedha walezi wa mayatima, kaya 500 za Garissa, Kwale na Nairobi, shilingi 500 kwa mwezi. Mpango ulipoenea nchi nzima na hatimaye kuingizwa katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzilipa kaya zenye shida, malipo yalifika shilingi 2,000. Utaratibu wa kuchagua kaya unastahili kutazamwa. Kamati ya lokesheni huorodhesha familia zenye shida. Fomu huuliza kuta ni za nini, mlo ni mara ngapi, nani ni mgonjwa. Alama hujumlishwa. Kisha majina husomwa barazani, na wanakijiji wanaweza kusema huyu ana duka Kimilili, au yule mmemsahau. Fomu inamzuia chifu asijaze jamaa zake, na baraza linaikosoa fomu isiyojua kwamba paa la mabati lilijengwa na marehemu. Kwenye karatasi sijaona mpangilio wa serikali uliofikiriwa vizuri zaidi ya huo. Tatizo ni kwamba baraza ni la siku moja, na bajeti ikikaza kamba ndilo la kwanza kufupishwa.

Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, na katika miaka iliyofuata Bungoma ikaingia katika vitabu vya dunia bila watu wengi wa Bungoma kujua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliichagua iwe mojawapo ya sehemu sita, katika nchi tano za Afrika na Asia, za kufuatilia takriban watoto 3,000 waliofiwa au kutelekezwa. Walilinganisha waliolelewa katika vituo na waliolelewa na familia. Matokeo ya 2009 yaliwaudhi wengi: kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, wa vituoni hawakuonekana kuwa na hali mbaya kuliko wa nyumbani. Tofauti kubwa zilikuwa kati ya mtoto na mtoto ndani ya aina ile ile ya malezi. Kwa watoto wachanga ushahidi ni tofauti kabisa; utafiti wa Bucharest huko Romania, ulioanza 2000, umeonyesha jinsi malezi ya taasisi yanavyowadhuru. Lakini kwa mtoto mkubwa wa Bungoma, kuuliza "kituo au nyumbani?" hakukutosha. Ilibidi kuuliza kituo gani, na nyumbani kwa nani.

Kutokana na kazi hiyo likaja jaribio ambalo kwangu ndilo kiini cha makala haya. Watoto wale wale, wengi wao, walikuwa na majonzi yasiyoisha: ndoto za kutisha, kukwepa kila kinachokumbusha kifo, hasira darasani. Marekani kulikuwa na tiba ya mazungumzo iliyotungwa na Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger kwa watoto walioumizwa. Ni tiba yenye hatua: kumweleza mtoto kinachompata, kumfundisha kutuliza mwili, kumwonyesha namna mawazo yanavyovuta hisia, kisha polepole kumsaidia asimulie tukio lenyewe mpaka lisimtishe tena. Bungoma haikuwa na madaktari wa akili wa kutosha kuiendesha, wala Moshi upande wa Tanzania. Basi wakafunzwa watu wa kawaida wasio na elimu yoyote ya afya ya akili. Upande wa Bungoma kazi ilifanyika kupitia shirika la Ace Africa. Kati ya 2013 na 2015 watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, mijini na vijijini pande zote mbili, waligawanywa kwa kura: baadhi wakapata vikao 12 vya kikundi na vichache vya faragha, walezi wao wakiwa na vikao vyao sambamba, wengine wakabaki na huduma za kawaida.

Majibu yalichapishwa 2020 katika jarida la JAMA Psychiatry. Baada ya vikao kwisha, tiba ilishinda huduma za kawaida katika sehemu tatu kati ya nne. Mwaka mmoja baadaye ushindi ulibaki Bungoma, mjini na kijijini, ilhali Moshi watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamepata nafuu inayolingana. Mpango mmoja, kitabu kimoja, nchi mbili jirani zinazosema Kiswahili, na matokeo mawili. Mojawapo ya maelezo ni kwamba watoto wa Bungoma waliishi katika shida nzito zaidi, na bila msaada maalumu nafuu haikuja yenyewe. Mwenye kupenda miongozo atasema kitabu kimeshinda. Mwenye kuichukia atasema mazingira yameshinda. Wote wawili wanaruka kilichokuwa katikati.

Katikati palikuwa na msimamizi. Mshauri wa kijijini hakupewa kitabu akaachwa nacho. Kila wiki alikutana na msimamizi wa papo hapo, akaeleza kikao kilivyokwenda mtoto kwa mtoto, akajaribu mbele ya wenzake kikao kijacho. Msimamizi naye alikuwa na wakufunzi wa ng'ambo wa kuwauliza kwa simu. Kitabu kilitaka mtoto asimulie kifo cha mzazi. Sasa tuseme mtoto ni wa Webuye, shangazi aliyemlea amemwambia kwa miaka minne kwamba mama yuko safarini Nairobi, na baba mdogo anataka shamba. Hakuna ukurasa unaojibu hilo. Mshauri mwoga ataruka hatua ya kusimulia, na hatua hiyo ni kiini cha tiba. Mshauri mkaidi ataisukuma Jumanne hiyo hiyo kwa kuwa ratiba inasema Jumanne, na mtoto atarudi nyumbani kwa shangazi aliyekasirika. Aliye na msimamizi anapata njia ya tatu: hatua haifutwi, ila shangazi anaonwa kwanza, na kikao cha mtoto kinangoja wiki moja. Busara hapo haikuwa ruhusa ya kuasi mpango. Ilikuwa namna ya kuutekeleza kwa mtoto huyu, na ilipatikana kwa watu wawili kukaa pamoja.

Kilichofuata kinathibitisha hilo. Mpango ulipopanuliwa Bungoma kwa jina la Pamoja Tunaweza, katika shule 40 na vijiji 40, ukiendeshwa na walimu na wahudumu wa afya ya jamii, baadhi ya washauri wa awamu ya kwanza ndio waliofundisha na kusimamia wapya. Ujuzi ulibaki kwa watu wa Bungoma.

Uingereza imejifunza somo hilo la usimamizi kwa gharama kubwa. Mtoto Victoria Climbié, mzaliwa wa Côte d'Ivoire, aliuawa London mwaka 2000 na waliokuwa wakimlea, ilhali maafisa chungu nzima walikuwa wamemwona. Serikali ikajibu kwa kuongeza taratibu na fomu, juu ya tarehe za mwisho zilizokuwapo: kufikia 2010 tathmini ya awali ilikuwa siku 10 za kazi, tathmini kamili siku 35. Mwaka 2011 Profesa Eileen Munro, aliyepewa kazi ya kuchunguza mfumo huo, alisema maafisa wamegeuka watiifu wa utaratibu badala ya walinzi wa watoto, akapendekeza tarehe hizo ziondolewe na uamuzi wa kitaaluma ujengwe upya. Wengi humnukuu Munro kama adui wa fomu. Hawasomi alivyosisitiza kwamba uamuzi huo unahitaji usimamizi wa karibu, muda wa kufikiri, na wakubwa wenye uzoefu wanaobaki kazini na watoto badala ya kupandishwa cheo kuingia ofisini.

Sasa tuangalie tulipo. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12, ikatambua kafala, yaani malezi ya mtoto kwa taratibu za Kiislamu, na ikaorodhesha mambo ambayo mahakama na afisa lazima wayapime wanapotafuta maslahi bora ya mtoto. Orodha hiyo ndiyo kipimo ambacho jamaa za Masinde hawakuwa nacho. Mwaka huo huo ulizinduliwa Mkakati wa Kitaifa wa Marekebisho ya Malezi, wa 2022 hadi 2032, unaotaka watoto watoke vituoni warudi katika familia. Trans Nzoia na Bungoma, zenye vituo vingi, zitauhisi mkakati huo kuliko kaunti nyingi. Nauunga mkono, nikiogopa kalenda yake. Kumrudisha kijana katika boma la Chepyuk, mahali ambapo mgogoro wa ardhi ulizaa kundi lenye silaha la SLDF na operesheni ya kijeshi ya 2008, si sawa na kumrudisha kwa bibi yake Chwele. Ukihesabu vichwa tu, wote wawili ni "amerejeshwa".

Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini wamepewa simu zinazowaongoza swali kwa swali mlangoni mwa kila kaya. Ni msaada mkubwa kwa mtu aliyefunzwa kwa muda mfupi. Simu hiyo haiwezi kuona mtoto anavyoangalia chini kila baba wa kambo anapopita, na anayeona hana wa kumpigia isipokuwa namba 116 ya msaada kwa watoto, au afisa wa watoto ambaye ana kesi za kaunti ndogo nzima. Afisa huyo mwenyewe husimamiwa kwa hesabu: kesi zilizofunguliwa, kesi zilizofungwa. Ni nadra mtu kuketi naye kumuuliza kwa nini aliamua alivyoamua. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya mayatima ikakwama wiki ile ile. Mafaili yalibaki kabatini, na mishahara ya wasimamizi ikakatika.

Kwa hiyo ombi langu haliko kwa watunga miongozo, waliokwisha kutupa mingi, wala kwa maafisa wa chini, ambao tumewalaumu vya kutosha. Afya ya jamii ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, na huduma za watoto ni kazi ya serikali ya kitaifa. Waheshimiwa wa mabunge ya kaunti ya Trans Nzoia na Bungoma, pamoja na wale wa Nairobi, watakapofungua makadirio ya mwaka ujao, watafute mahali palipoandikwa posho ya msimamizi na nauli yake ya kufika kijijini mara moja kwa wiki. Wasipopaona, wapaandike kabla hawajapitisha mwongozo mwingine mpya.